Wagongaji wa Ilundo

Daktari wa Kiomboi hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyoyasema kwenye simu asubuhi ile yalimkatizia Inspekta Jesca Kitundu kifungua kinywa.

"Hakuanguka," alisema. "Kifundo cha mguu kimeteguka, basi. Mtu akianguka kwenye shimo la kina kile naletewa mifupa, siletewi mtu. Huyu amekufa kwa kiu, afande. Na kuna jambo jingine linanisumbua. Alichelewa kufa."

"Alichelewa vipi?"

"Mwili unaonyesha aliishi humo muda mrefu kuliko anavyoweza mtu asiye na maji. Aliyapata mahali. Kidogo, lakini aliyapata. Na mdomoni nimekuta nyuzi za shati lake mwenyewe."

Jesca aliisukuma pembeni sahani ya viazi vitamu. Mvua ya mwisho kunyesha Ilundo ilinyesha kabla ya mtama kuvunwa, na sasa hata majani ya alizeti yalikuwa yamekwisha kugeuka vumbi. Shimo Kuu la mgodi, alimokutwa maiti, lilikuwa kavu mpaka chini. Alikuwa amelimulika kwa tochi mwenyewe.

Marehemu aliitwa Noel Msengi, kijana aliyekuwa akiwatembeza wageni kwenye magofu ya mgodi. Wachunga mbuzi ndio waliosikia harufu. Askari wa kwanza kufika waliandika kwamba mtu ametumbukia shimoni, wakarudi kwao mapema. Kosa lao lilikuwa moja tu: hakuna aliyejiuliza mtu asiyevunjika mfupa na asiye na kamba alifikaje chini.

Ilundo ilikuwa mji. Hilo wenyeji wake hukwambia kabla hujauliza. Wajerumani waliokota dhahabu hapa, Waingereza wakaja na kampuni, na kampuni ikaja na reli, senema, maduka ya Wahindi na baa yenye sakafu ya mbao. Halafu njia ya chini kabisa ya Shimo Kuu ikaporomoka wachimbaji wakiwa kazini. Kampuni ikatafakari, ikaona wafu hawachimbi, ikafunga virago. Walioporomokewa hawakutolewa. Sasa zimebaki nyumba chache, kuku wengi, na upepo unaopita katika maduka ambayo milango yake iling'olewa zamani kwa ajili ya kuni.

"Afande, mimi naona tusijichoshe," alisema Konstebo Raymond, akifunga kamba za viatu. Alikuwa mtu wa Moshi na Ilundo haikumpendeza hata kidogo. "Mtu wetu tunaye. Yule mnunuzi wa vyuma chakavu. Kijiji kizima kiliwaona wakikunjana mashati."

"Kijiji kizima kimeona mengi," Jesca alisema. "Twende msibani kwanza."

* * *

Wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake ndani juu ya mikeka. Jesca aliwapa wazee shikamoo mmoja mmoja, akavua viatu, akaingia. Mama wa marehemu, Marietha, alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa mwanamke mrefu, na watu walisema ndiye aliyeongoza kwaya ya usharika kwa miaka mingi. Sasa sauti yake ilitoka kwa shida.

"Pole sana, mama."

"Nimepoa, mwanangu. Kaa."

Alimshika Jesca mkono na hakuuachia.

"Wananiambia Noel alikwenda kuwasumbua wazee wa chini, ndiyo maana wakamchukua. Shemeji yangu Chediel anasema tumzike kule kule mgodini, asije akatuletea wagongaji nyumbani. Mimi nataka kumlaza karibu na baba yake. Lakini siwezi kubishana na watu, sijui kitu. Wewe unajua kazi yako. Niambie tu mwanangu alikosa nini."

"Wagongaji ni nani, mama?"

Wanawake wote walimgeukia, kama mtu aliyeuliza jua ni nini. Aliyemjibu ni Amne, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akimenya vitunguu karibu na mlango.

"Wale waliobaki chini. Kuna bomba la zamani la hewa, linatoka kule shimoni linakuja kutokezea banda la pampu, hapa nyuma. Wakishikwa na kiu wanagonga. Basi mtu unachukua maji ya kunywa nyumbani kwako, maji safi, unawamiminia kwenye bomba. Unaondoka. Hugeuki, huongei."

"Na wakiita?"

"Ukiitwa usiitikie. Anayeitikia anawafuata. Ndiyo maana sisi Waislamu tunasoma dua kwa sauti, wenzetu wanaimba pambio. Usije ukasikia jina lako."

"Mara ya mwisho waligonga lini?"

"Juzi juzi tu!" Amne alishangaa kuulizwa. "Miaka ilikuwa imepita hatujawasikia. Safari hii waligonga sana, mchana na jioni. Tulipeleka maji wote. Mama Noel ndiye alikwenda mara nyingi kutushinda, na huku alikuwa na wasiwasi na mtoto wake, simu haipatikani."

"Tuliambiwa yuko Kiomboi," Marietha alisema. "Shemeji alituambia amepata lifti ya kwenda wilayani, kushitaki kuuzwa kwa reli za mgodi. Nikasema moyoni, nikiwapa wazee maji, na mwanangu huko aliko atapewa maji na mtu."

Jesca aliutazama ule mkono ulioshika wake. Nyuzi za shati mdomoni, shimo kavu, na maji yaliyotoka mahali. Akashukuru kwamba kazi yake ilimfundisha kutoonyesha kitu usoni.

"Kisha wakanyamaza?"

"Wakanyamaza," alisema Amne. "Tukajua wametosheka."

* * *

Mzee Chediel alimpokea uani kwake. Alikuwa mdogo wa baba yake Noel, mtu nadhifu mwenye fimbo na koti hata kwenye jua, na tangu mazishi yaanze kupangwa neno lake ndilo lililokuwa likifuatwa. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kutoka banda la pampu. Kutoka kwenye kiti chake Jesca aliweza kuona mdomo wa bomba lenye kutu na alama nyeusi za maji chini yake.

"Noel alikuwa mwanangu," alisema Chediel. "Lakini alikuwa na kichwa kigumu. Kila jiwe, makumbusho. Kila msumari, urithi. Nilimwonya asicheze na lile shimo."

"Reli za mgodi ni za nani, mzee?"

"Za ukoo. Babu yetu alikuwa nyapara wa kampuni. Mzungu alipoondoka alimwachia."

"Kwa maneno?"

"Siku hizo neno la mtu lilikuwa neno."

"Noel alikubali ziuzwe?"

"Vijana hawakubali kitu. Yule Idrissa wa Itigi ndiye wa kumuuliza. Waligombana naye, si mimi."

Raymond aliitikia kwa kichwa, akamtazama bosi wake. Jesca alikuwa akitazama bomba.

"Na wagongaji, mzee, uliwasikia?"

Chediel alikohoa. "Sikusikia kitu mimi."

"Hata siku moja?"

"Uzee, afande. Masikio yamechoka. Labda ulikuwa upepo, watu wakajaza wenyewe."

Ndani ya nyumba simu ilitetemeka juu ya meza, mlio hafifu ambao Raymond, mwenye masikio ya ujana, hakuugeukia. Chediel aliinuka, akaomba radhi, akaenda kuipokea.

"Twende," Jesca alisema taratibu. "Masikio ya mzee yamepona."

* * *

Idrissa walimweka katika ofisi ya kata kwa kukosa mahabusu. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mbegu, mtu mnene mwenye mikono iliyochomwachomwa na cheche. Hakungoja kuulizwa.

"Niligombana naye, ndiyo. Nani hakugombana na Noel? Nilikuja na mitungi yangu ya gesi kukata reli, nikamkuta amelala juu yake kama godoro. Ananiambia, baba yangu alinifundisha kutembea juu ya reli hii, nikate miguu kwanza. Nilimnyanyua kwa shati. Nilikuwa nimekasirika. Lakini kuua mtu kwa sababu ya chuma? Chuma kipo kila mahali."

"Mbona hukuondoka?"

"Gari liliniharibikia. Nikangoja kifaa kutoka Itigi. Nililala ndani ya gari, pale pale karibu na pampu."

"Basi ulisikia kugonga."

"Nilisikia!" Alijipiga paja. "Afande, mimi nafanya kazi na vyuma. Chuma kinachotikiswa na upepo nakijua, na chuma kinachopigwa na mkono nakijua. Nilimfuata Mzee Chediel nikamwambia, mzee, chini kuna mtu. Nina kamba ya kuvutia vyuma, nishusheni nikatazame. Alinicheka. Akasema hao ni wafu wa kampuni, ukiwajibu wanakuchukua. Nikawauliza na akina mama, wakaniambia vile vile. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, nikaambiwa nikae chini."

Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe.

Nje, Raymond alikuwa bado hajaelewa, na alisema hivyo bila aibu.

"Tazama," Jesca alimwambia. "Kila mtu Ilundo anasimulia wagongaji. Hawaoni haya. Kwao ni jambo la baba na babu, kama kutambika. Wanakueleza hata dumu walilobebea maji. Mtu mmoja tu, aliye karibu kuliko wote, anasema hakusikia. Na huyo huyo, siku zile, alimwambia Idrissa asijibu. Sasa kwa nini mtu afiche wafu ambao kila mtu anawajua?"

Raymond alifikiri. "Kwa sababu alijua si wafu."

"Ndiyo. Lakini mahakamani itakuwa neno la mnunuzi wa vyuma kutoka Itigi dhidi ya mzee wa ukoo. Nataka zaidi ya hapo. Unaogopa giza?"

"Afande, kwa nini unauliza?"

* * *

Walimshusha Raymond mchana, saa ambayo watu wamejificha jua. Idrissa na dereva wa polisi walishika kamba, ile ile iliyokataliwa. Shimo Kuu lilikuwa na ukingo wa mawe ya kampuni na ukuta uliosalia wa jengo la winchi, na hapo nyuma ya ukuta ndipo Jesca alipojificha. Kabla ya kuja alikuwa amemwomba Amne amkalishe Marietha ndani na asimruhusu atoke. Aliona hilo linatosha.

Raymond alipogusa chini na kufungua kamba kiunoni, Jesca aliashiria kamba ivutwe.

"Afande!" sauti ilipanda kutoka shimoni. "Mnaivuta?"

"Tunaivuta. Fuata bomba mpaka mwisho wake. Kama nimefikiri sawa, utakuta jiwe lenye kutu upande mmoja, alilogongea Noel. Gonga nalo."

Mlio ukaanza. Sauti haikutoka shimoni. Ilitoka kule mbali, upande wa pampu, mlio mzito wa chuma, mara tatu, ukapumzika, mara tatu. Jesca alijua ni Raymond, alikuwa amemtuma mwenyewe, na bado nywele za mikono zilimsimama. Dereva alifanya ishara ya msalaba.

Mji ukatoka majumbani. Kutoka pale juu Jesca aliwaona wote: wanawake wa msibani, wanaume wa mabenchi, na wengine ambao hakuwa amewaona tangu afike, kila mmoja na kibuyu, dumu, jagi, hata kikombe, wakielekea banda la pampu bila kukimbia na bila kusemezana. Njia yao ilikuwa moja. Mtu mmoja tu alitengana nao nyuma ya maduka ya Wahindi, akapanda kilima kwa njia ya mbuzi. Hakuwa na maji. Fimbo alikuwa ameiacha, na alikuwa akitembea upesi sana kwa umri wake.

Chediel alifika ukingoni akihema. Alipiga magoti. Kule upande wa pampu chuma kililia tena mara tatu.

"Noel?" alisema.

Aliinama zaidi juu ya shimo.

"Noel, mwanangu. Si umekufa wewe?"

Jesca alitoka nyuma ya ukuta. Mzee hakushituka. Alimtazama kama mtu aliyekuwa akimngoja amsaidie.

"Ilundo nzima imekwenda kuwapa maji wazee," Jesca alisema. "Wewe umekuja huku. Na hukumwita babu yako, mzee. Umemwita Noel."

"Sikumsukuma."

"Najua hukumsukuma. Alishukaje?"

"Kwa kamba yangu. Nilimwambia reli za njia ya chini hazijaguswa, ashuke aone kwa macho yake, moyo wake utulie. Akateguka mguu akifika. Mimi nikavuta kamba." Alifuta uso kwa mkono wa koti. "Nilitaka akae humo mpaka gari la vyuma liondoke. Basi. Ningemtoa, angenitukana, yangekwisha. Lakini gari likaharibika. Halafu akaanza kugonga. Watu wakaja na maji, kila saa kuna mtu pale pampu. Ningemtoaje mbele yao?"

"Kule ni pampu, mzee. Shimo liko hapa. Hapa alikuwepo nani?"

Upepo ulimpandisha koti mgongoni, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli.

"Kila siku iliyopita ilizidi kunifunga," alisema mwishowe. "Angetoka angesema."

"Usiseme zaidi hapa. Una haki ya kukaa kimya. Maelezo yako utayaandikisha kituoni."

Alimfunga pingu mbele, si nyuma, kwa sababu ya umri wake. Moyoni hakumwonea huruma hata kidogo. Alimwachia Idrissa na dereva kazi ya kumtoa Raymond, akashuka na mzee kuelekea pampu, akiwa na jibu mkononi. Alijisikia vizuri. Alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Marietha, kwamba mwanawe hakukosa kitu, kwamba angeweza kumlaza karibu na baba yake leo hii.

Alikuwa amesahau kwamba Amne naye ni mtu wa Ilundo. Mlio wa kwanza tu ulipolia, Amne alikuwa amechukua dumu la maji, na Marietha akachukua la kwake, na wakatoka pamoja.

Watu walikuwa wamelizunguka banda. Wengine walikuwa wakisoma dua, wengine wakiimba pambio, sauti zimepandishwa juu kabisa, macho yamefumbwa. Marietha alikuwa mbele yao, magoti chini, sikio karibu na mdomo wa bomba. Dumu lake lilikuwa limejaa vile vile. Yeye peke yake hakuwa akiimba.

"Nyamazeni," alisema.

Hawakumsikia.

"Nyamazeni!"

Wakanyamaza mmoja mmoja, hadi upepo tu ukabaki. Na kutoka ndani ya bomba, karibu kabisa, kama mtu aliye chumba cha pili, Raymond alisema: "Afande, jamani, nirudishieni kamba. Kuna giza huku, mwenzenu."

Mtu mmoja aliangusha jagi. Hakuna aliyeokota.

Marietha aligeuka. Zile pingu hakuziona, au aliziona na hazikumhusu. Alimtafuta Jesca kwa macho.

"Huyu ni mtu," alisema.

"Ni konstebo wangu, mama. Nimemshusha mimi." Jesca alitamani ardhi impasukie. "Nilikuja kukwambia. Noel hakukosa kitu. Hakumsumbua mtu yeyote. Aliachwa kule chini akiwa mzima."

"Anasikika neno kwa neno."

"Ndiyo, mama."

"Maji yangu yalimfikia?"

"Yalimfikia. Aliyakinga kwa shati akayafyonza. Daktari alishangaa aliishije siku zote zile."

Marietha aliweka mkono juu ya kutu, akaupapasa ule mdomo wa bomba taratibu. Wanawake walianza kulia nyuma yake, kila mmoja kwa lake, maana hapakuwa na nyumba ambayo haikupeleka maji.

"Aliita," alisema. "Siku ile ya mwisho. Sauti ilikuwa imekwisha nguvu, lakini niliisikia, ilisema mama. Nikajiambia, hata wale wa kampuni wana mama zao. Nikapandisha wimbo."